Riba ndani ya kiganja: Mageuzi ya benki nchini na mtihani wa familia ya Kiislamu

 

Ndugu msomaji, siku si nyingi zilizopita, nikitoka msikitini baada ya swala ya Alasiri, niliitwa na bibi mmoja wa mtaani kwetu aliyekuwa ameketi barazani kwake. Nilimwamkia, naye baada ya kuitikia, “Marahaba, mjukuu wangu,” akanikabidhi simu yake ndogo ya vitufe na kuniomba nimsomee ujumbe ulioingia asubuhi ile. Ujumbe ulimpongeza kwa kuwa amestahili kukopa hadi Sh. 50,000, na kumtaka abonyeze namba fulani ili apate fedha hizo papo hapo.

Bibi alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza: “Mimi sijamwambia mtu yeyote kwamba dawa yangu ya presha imekwisha. Hawa wamejuaje kuwa nina shida? Na hicho wanachotaka kunipa, ni halali?”

Nilimwomba anipe muda. Mimi si shekhe wala mtaalamu wa mabenki, lakini maswali yale mawili yamenisumbua tangu siku ile, kwa sababu niliona kuwa yanaihusu kila nyumba ya Kiislamu yenye simu ndani yake, na kwamba hayajibiki sawasawa bila kwanza kukumbushana jinsi benki ilivyotoka kwenye jengo la mjini, lenye askari mlangoni, hadi ikaingia katika kibindo cha bibi yule.

ENZI YA BENKI MOJA

Wasomaji wenye umri mkubwa watakumbuka kwamba Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 5, 1967, na siku iliyofuata Serikali ikayataifisha mabenki ya kigeni yaliyokuwapo nchini. Kutokana na mabenki hayo ikaundwa Benki ya Taifa ya Biashara, ile NBC ya zamani. Visiwani, Benki ya Watu wa Zanzibar ilikuwa imeanzishwa mwaka mmoja kabla, yaani 1966. Baadaye ilikuwapo pia Benki ya Nyumba, na ile ya Ushirika na Maendeleo Vijijini, yaani CRDB ya awali. Lakini kwa mwananchi wa kawaida wa Bara neno “benki” lilikuwa na maana moja tu, nayo ni NBC.

Mwenye akaunti alikuwa na kitabu chake kidogo cha akiba. Alipanga foleni, akajaza fomu, akasubiri kuitwa jina, na saa nyingine nusu ya siku ikaishia humo. Mwalimu wa shule ya kijijini aliweza kusafiri kutwa nzima kufuata mshahara wake mjini. Na mikopo? Mikopo ilikwenda kwenye mashirika ya umma na vyama vya ushirika, mara nyingi kwa maelekezo kutoka juu, na sehemu kubwa yake haikurudi. Muuza samaki wa Kigamboni au mkulima wa karafuu wa Pemba hakuwa na dirisha la kwenda kuomba chochote.

Hapa pana jambo ambalo sisi Waislamu hatulisemi mara kwa mara. Wazee wetu wengi walisalimika na riba si kwa uchamungu wao peke yake, ingawa uchamungu walikuwa nao. Walisalimika pia kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuwakopesha. Akiba ilikaa katika kibubu, katika bangili za dhahabu za mama, katika ng’ombe, au ilipelekwa amana kwa mwenye duka aliyeaminika. Mtihani wa riba uliwafikia kwa mbali tu, kupitia ile faida ndogo iliyoandikwa mwishoni mwa mwaka kwenye kitabu cha akiba, ambayo wengine waliikataa na wengine waliipokea bila kuuliza.

Ajabu ni kwamba lugha yetu ilikuwa imejiandaa zamani. Amana, dhamana, rehani, karadha, hawala, hisa, na riba yenyewe: maneno haya yote, ambayo ndiyo nguzo za maongezi ya benki kwa Kiswahili, yamekuja kwetu kutoka Kiarabu, na mengi yake ndiyo yale yale yanayojaza milango ya biashara katika vitabu vya fiqhi. Mfanyabiashara wa mwambao alijua tofauti ya amana na karadha kabla Wajerumani hawajafungua benki yao Dar es Salaam mwaka 1905.

MILANGO KUFUNGULIWA

Mabadiliko yalianza katika awamu ya pili, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi. Mwaka 1986 Serikali ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa kuhusu mpango wa kufufua uchumi, na hatua kwa hatua biashara ikaanza kuachiwa huru. Kuhusu mabenki, iliundwa tume iliyoongozwa na Charles Nyirabu, aliyepata kuwa Gavana wa Benki Kuu, na mapendekezo yake ndiyo yaliyozaa Sheria ya Mabenki na Taasisi za Fedha ya mwaka 1991. Sheria hiyo iliruhusu tena benki binafsi, za wazalendo na za wageni. Mwaka 1992 yakafunguliwa maduka ya kubadilishia fedha za kigeni, na mwaka 1993 zikaingia benki za kwanza za binafsi, zikiwamo Standard Chartered na Meridian BIAO.

Si wote walioingia waliodumu. Meridian ilianguka mwaka 1995, na tawi lake la nchini likachukuliwa na Stanbic. Mwaka huo huo Benki ya Nyumba nayo ilifungwa, na wenye akiba zao wakaonja uchungu wa kujifunza kwamba benki ni biashara kama biashara nyingine, inaweza kufa. CRDB ikabadilishwa na kuwa benki ya wanahisa mwaka 1996. Mwaka 1997 NBC ya zamani ikagawanywa: upande mmoja ukabaki na jina la NBC na shughuli za kibiashara za mijini, na upande mwingine ukawa NMB, iliyorithi sehemu kubwa ya matawi ya wilayani. Mwaka 2000 asilimia 55 ya hisa za NBC ziliuzwa kwa ABSA ya Afrika Kusini, na mwaka 2005 asilimia 49 ya NMB ikaenda kwa kundi lililoongozwa na Rabobank ya Uholanzi.

Mabishano ya wakati ule yalikuwa makali, na hofu ya waliopinga haikuwa ya kubuni. Benki nyingi mpya zilifungua milango yao Dar es Salaam, Arusha na Mwanza, zikawataka wateja wenye vitita. Riba ilipoachiwa ijipange yenyewe sokoni, aliyeweka akiba alipewa kidogo sana na aliyekopa alitozwa kingi. Lakini upo upande wa pili ambao mtu mwadilifu haufichi: foleni zilipungua, mashine za kutolea fedha zikaenea, mshahara ukaanza kuingia moja kwa moja kwenye akaunti, na mfanyakazi akaweza kuchukua fedha zake hata usiku wa mkesha wa Idi.

BENKI KATIKA KIGANJA

Pamoja na yote hayo, mwananchi wa kijijini alibaki nje. Aliyelifikia tatizo hilo hakuwa mwenye benki bali mwenye kampuni ya simu. Machi 2007 Safaricom ilianzisha M-Pesa nchini Kenya, na Aprili 2008 Vodacom ikaileta huduma hiyo Tanzania. Zantel, Tigo na Airtel nazo zikaja na huduma zao. Wakala wa benki aliyekuwa hafikiriki miaka ya 1980 sasa akawa kijana mwenye meza, mwavuli na daftari pembeni ya kituo cha daladala. Kuanzia mwaka 2014 mitandao ikaanza kuunganishwa, mtu wa mtandao mmoja akaweza kumtumia wa mtandao mwingine moja kwa moja, na mwaka 2015 ikapitishwa Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa.

Matokeo yake yanaonekana katika utafiti wa FinScope unaofanywa nchini kila baada ya miaka michache. Mwaka 2009, kati ya kila watu wazima 100 ni takriban 16 tu waliotumia huduma rasmi za fedha. Mwaka 2023 walikuwa 76. Katika historia ya nchi yetu ni mambo machache yaliyobadilika kwa kasi hiyo, na waliobadilisha takwimu hiyo kwa sehemu kubwa si majengo ya benki bali ni simu.

Tusiwe wepesi wa kulaani. Zamani mtoto aliyeko Dar es Salaam aliyetaka kumsaidia mama yake Kigoma alifunga noti katika bahasha akamkabidhi kondakta wa basi, kisha akakaa siku tatu akiomba dua. Leo mama hupata msaada kabla ya swala ijayo. Kuunga udugu kumerahisika, gharama ya hospitali inachangwa na ukoo mzima ndani ya saa moja, na sanda ya maiti inanunuliwa kwa mchango uliotoka mikoa mitano. Ada anayotozwa mtu kwa kutuma au kutoa fedha ni ujira wa kazi, kama ujira wa mchukuzi wa mizigo, na sijamsikia mwanachuoni wa kutegemewa aliyeiita riba.

Sasa naweza kulijibu swali la kwanza la bibi. Kila unapotuma, unapopokea, unapolipa umeme au kununua muda wa maongezi, mashine inaandika. Mwaka 2012 huko Kenya ilianzishwa M-Shwari, na mwaka 2014 ikaja hapa M-Pawa, huduma ambamo kompyuta huzisoma kumbukumbu hizo na kuamua ndani ya sekunde chache nani akopeshwe na kiasi gani, bila mdhamini, bila kikao, bila mtu kumtazama mtu usoni. Mashine haikujua kwamba bibi amekwisha dawa. Ilijua tu kwamba watoto wake humtumia fedha kila mwezi, na kwa hiyo deni litalipika.

ADA AU RIBA?

Swali la pili ndilo zito. Tumeikuta Qur’ani tukufu, katika Suratul Baqara aya ya 275 hadi 281, ikiharamisha riba kwa maneno makali kuliko yaliyotumika katika madhambi mengi, na ikiwatangazia wasioiacha vita kutoka kwa Allah na Mtume wake. Katika Hadithi iliyopokewa na Muslim kutoka kwa Jabir (RA), Mtume (SAW) amewajumuisha katika laana moja mla riba, mlipaji wake, mwandishi wake na mashahidi wake wawili. Hivyo mkopaji asijifariji kwamba dhambi ni ya mkopeshaji peke yake.

Ni kweli kwamba katika zama zetu palikuwa na maoni tofauti kuhusu faida ya benki. Sheikh Muhammad Sayyid Tantawi wa Misri alitoa fatwa mwaka 1989 kuhalalisha hati za uwekezaji zenye faida maalumu, na mwaka 2002 Jopo la Utafiti la Al-Azhar, yeye akiwa Sheikh wa Al-Azhar, likatoa msimamo unaofanana na huo kuhusu fedha zinazowekezwa benki. Lakini wanachuoni walio wengi waliipinga kauli hiyo, na kabla yake Baraza la Kimataifa la Fiqhi, katika kikao chake cha Jeddah Desemba 1985, lilikwisha kuamua kuwa nyongeza yoyote juu ya mkopo, iwe ya mwanzo au ya kucheleweshwa, ni riba. Mwandishi wa makala hii anafuata walio wengi, na hata anayependa maoni ya Tantawi akumbuke kwamba yeye alizungumzia mtu anayewekeza. Bibi mwenye kuhitaji dawa hayumo humo.

Mikopo ya simu kwa kawaida haitumii neno riba. Huitwa “ada ya huduma”, “gharama ya uwezeshaji” na majina mengine laini. Je, jina linabadilisha hukumu? Wanachuoni wanakubali kuwa mkopeshaji anaweza kurudishiwa gharama halisi alizoingia katika kuutoa mkopo; hata taasisi ya AAOIFI ya Bahrain, inayoweka viwango vya mabenki ya Kiislamu, imekubali hilo kwa sharti kwamba iwe gharama halisi na si zaidi. Kwa hiyo kipo kipimo ambacho mama wa nyumbani anaweza kukitumia bila kusubiri fatwa. Gharama ya kompyuta kutuma Sh. 10,000 na gharama ya kutuma Sh. 100,000 ni ile ile. Basi ukiona ada inakua kadiri mkopo unavyokuwa mkubwa, au inaongezeka kadiri siku zinavyopita, huo si ujira wa kazi. Hiyo ni bei ya fedha na bei ya muda, na hiyo ndiyo riba kwa jina lake la nyumbani.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme mkopo ni Sh. 50,000 na ada ni asilimia 9 kwa mwezi. Mtu atalipa Sh. 4,500 juu yake, akaona si kitu. Lakini wengi hawakopi mara moja; hulipa leo na kukopa tena kesho ili kuziba tundu lile lile. Akienda hivyo mwaka mzima atakuwa amelipa ada ya Sh. 54,000, zaidi ya ule mkopo wenyewe, na bado anadaiwa Sh. 50,000. Zipo pia huduma zinazomkamilishia mtu malipo pale salio lisipotosha, kisha ada ikawa inaongezeka mpaka fedha ya kwanza itakayoingia imezwe.

Ama kuhusu muda wa maongezi unaokopwa na kulipwa kwa nyongeza, hapo maoni yanatofautiana. Wapo wanaosema kinachotolewa si fedha bali ni huduma inayouzwa kwa bei ya kuchelewesha, na bei ya mkopo katika mauzo inaruhusiwa kuzidi ya taslimu. Wengine wameikataa hoja hiyo. Mwenye kutaka kulinda dini yake atajiepusha, lakini si haki kumlaumu jirani aliyefuata kauli ya kwanza.

Kibaya kuliko vyote ni ile mikopo ambayo akina mama wenyewe wameibatiza jina la “kausha damu”. Wakopeshaji wake wengine hutembea mitaani na daftari, na wengine wamo ndani ya programu za simu, ambapo mtu akishindwa kulipa, ndugu, wafanyakazi wenzake na hata mwalimu wa mtoto wake hutumiwa ujumbe wa kumdhalilisha. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni na kuwaonya wananchi. Sisi tumefundishwa kuwa mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda mpaka afarijike, na anayemsamehe amefanya kheri zaidi. Hiyo ni aya ya 280 ya sura ile ile. Kumtangaza mdaiwa maskini mbele ya watu wake ni kinyume kabisa cha mafundisho hayo. Nimewafahamu wanawake waliohama mtaa usiku kwa sababu ya deni ambalo mume hakuwa na habari nalo, na ndoa zilizovunjika kwa jambo lililoanza kama Sh. 20,000.

DIRISHA LILILOFUNGULIWA NA SHERIA ILE ILE

Wapo Waislamu wanaoyaona mageuzi ya miaka ya 1990 kuwa ni balaa tupu. Mimi siwaungi mkono. Chini ya benki moja ya Serikali, Mwislamu asingeweza hata kuota benki isiyo na riba. Mlango ule ule ulioingiza wageni ndio uliowawezesha Waislamu nao kusimama. Kenya ilitutangulia: Gulf African Bank na First Community Bank zilifungua milango mwaka 2008. Hapa kwetu baadhi ya benki za kawaida zikaanza kufungua madirisha ya Kiislamu, Benki ya Watu wa Zanzibar ikiwamo, na Novemba 2011 ikaanza kazi Amana Bank, benki ya kwanza nchini kuendeshwa yote kwa misingi ya sharia. CRDB ikaja na Al Barakah mwaka 2021.

Namna zinavyofanya kazi si siri. Kijana anataka pikipiki ya Sh. 3,000,000. Benki ya kawaida humpa fedha na kuzidisha riba. Benki ya Kiislamu, kwa mkataba wa murabaha, huinunua pikipiki ikawa mali yake, kisha humuuzia kijana kwa, tuseme, Sh. 3,600,000, za kulipwa Sh. 200,000 kila mwezi kwa miezi 18. Bei haipandi hata akichelewa. Na kama mkataba una faini ya kumzuia mzembe, faini hiyo benki haiili bali huenda kwenye sadaka. Mwenye akiba naye, katika mudharaba, haahidiwi asilimia ya mtaji wake bali fungu la faida itakayopatikana, na hasara ikitokea bila uzembe wa benki, mtaji wake unaguswa.

Wengi husema, “Mbona hesabu inakuja ile ile, tena wakati mwingine ghali zaidi?” Malalamiko haya yana ukweli ndani yake, na wenye benki hizo wasiyapuuze. Benki changa ina wateja wachache wa kugawana gharama, na sheria ya mabenki haikutungwa ikiifikiria benki inayonunua na kuuza bidhaa. Lakini usawa wa hesabu si usawa wa hukumu: waliomwambia Mtume (SAW) kuwa biashara ni sawa na riba walijibiwa na Qur’ani yenyewe. Linalotakiwa ni mteja kuuliza maswali. Je, benki imeimiliki bidhaa kweli kabla ya kuniuzia, au imeandika karatasi tu? Fedha za dirisha la Kiislamu zimetengwa na nyingine? Bodi ya masheikh ni akina nani? Afisa asiyeweza kuyajibu hayo kwa Kiswahili chepesi, muage kwa heshima.

NDANI YA NYUMBA

Yapo mambo ambayo hayamhusu mwenye benki wala Serikali. La kwanza ni gawio. Kuanzia mwaka 2014 Tigo ilianza kuwagawia wateja wa Tigo Pesa faida iliyotokana na fedha zao zilizokuwa zimehifadhiwa katika mabenki, na wengi wetu tuliamka tukakuta salio limeongezeka. Chanzo cha faida ya namna hiyo ni riba ya benki. Wanachuoni wengi wa zama hizi wanaelekeza kuwa fedha kama hiyo ikikuingilia usiile, nawe usiihesabu kuwa sadaka yako. Itoe katika mahitaji ya wasiojiweza au manufaa ya umma, ujitakase nayo.

La pili ni zaka. Salio la simu na la benki ni mali. Likijumlishwa na fedha nyingine za mtu, likafika nisabu na likakamilisha mwaka wa Hijria, lina zaka ya asilimia mbili na nusu, ingawa halikuwahi kuonekana kwa macho.

La tatu linaniuma zaidi. Baba anafariki, na hakuna nyumbani anayejua alikuwa na akaunti ngapi, laini ngapi, anadai nani na anadaiwa na nani. Namba ya siri ameondoka nayo. Hapa tuna kisa cha Zubayr bin Awwam (RA), kilichomo katika Sahihi ya Bukhari. Watu walikuwa wakimletea fedha awawekee amana, naye akikataa kuzipokea kama amana, akisema ziwe karadha kwake, kwa maana amana ikipotea bila uzembe mwenyewe hapati kitu, lakini karadha lazima ilipwe. Wanachuoni wa leo huiona akaunti ya kawaida ya benki kwa jicho hilo hilo. Alipouawa shahidi, mwanawe Abdullah alihesabu madeni akayakuta ni 2,200,000. Aliyalipa yote kwa kuuza mali ya baba yake, na hata baada ya hapo hakukubali kugawa mirathi mpaka alipotangaza katika misimu minne ya Hijja kwamba mwenye kumdai Zubayr ajitokeze. Zubayr alikuwa amemuusia mwanawe waziwazi kuhusu madeni yake kabla ya vita. Ni wangapi kati yetu tuliowaambia watoto wetu hata tawi la benki tunalotumia?

Na sote tunajua kuwa Mtume (SAW) alipoletewa jeneza aliuliza kwanza kama maiti ana deni, na alipata kukataa kumswalia aliyedaiwa dinari chache mpaka Abu Qatada (RA) alipojitolea kulilipa. Mashine ya mikopo haiulizi hivyo.

Niliporudi kwa bibi na majibu yangu, alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema, “Haya, nimekuelewa, mjukuu wangu. Ni riba, na siichukui. Sasa wewe uliyenisomea aya, nani hapa mtaani atanikopesha elfu hamsini bila nyongeza?”

Sikuwa na jibu la haraka, na naandika hapa kwa aibu. Msikiti wetu una mfuko wa ujenzi, una mfuko wa futari, lakini mfuko wa karadha njema hauna, na sidhani kama msikiti wa msomaji una tofauti kubwa. Aliyelimaliza jambo lile hakuwa mimi. Bibi yumo katika mchezo wa akina mama kumi na wawili, kila mmoja hutoa Sh. 10,000 kwa mwezi na kupokea wote kwa zamu, bila anayezidisha wala kupunguza. Zamu yake ilikuwa ya tisa. Mama mmoja aliyekuwa apokee mwezi ule alisikia habari, akaja mwenyewe barazani akamwambia, “Bibi, chukua yangu, mimi nitakuja pokea yako.”

Bibi alizihesabu noti zile, akatenga za dawa. Kisha, kabla mama yule hajainuka, akamwita mjukuu wake wa darasa la sita alete daftari na kalamu. “Andika tarehe,” akamwambia. “Andika jina la huyu mama yako, na kiasi, na mwezi nitakaomrudishia. Na usome kwa sauti, sote tusikie.”